Sushi Kisumu? Nionyeshe wali kwanza

Shemeji yangu alitoka Nairobi Ijumaa moja akiwa na hamu ya sushi, yale matonge ya Kijapani ya wali na samaki. "Nyinyi mna ziwa zima hapo nje," akaniambia, "mtakosaje sushi tamu?" Shemeji habishiwi. Nikampeleka mahali fulani Milimani, penye taa za karatasi na mito ya kukalia chini. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, akatukaribisha, akasema kwa fahari: "Leo samaki ni freshi kabisa, ametoka ziwani asubuhi."

Nikafunga menyu.

Samaki wetu namla tangu sijaota meno, na bado nasema: ngege (tilapia) na mbuta (sangara) si wa kuliwa wabichi. Ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, na samaki wa maji hayo wanaweza kubeba minyoo ambayo haioni shida kuhamia tumboni mwa binadamu. Sushi ya samaki mbichi hutumia zaidi samaki wa baharini, jodari kwa mfano, na mara nyingi wamegandishwa kwanza ili vimelea vife. Mwongozo wa Marekani unataka nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, kwa siku 7. Kwa hiyo neno "freshi", ambalo pale Dunga, kwenye ufuko wa wavuvi, ndilo linalonifanya nitoe pesa haraka, kwenye sahani ya sushi linanitia wasiwasi. Na stima zetu mnazijua. Friza iliyozimika usiku kucha haina mdomo wa kukuambia.

Shemeji alinuna kidogo. Akanikumbusha kwamba Wajapani nao wana maziwa. Kweli, wanayo, na hapo ndipo hadithi inaponoga. Kando ya ziwa Biwa kuna chakula cha kale kiitwacho funazushi: samaki wa ziwani hutiwa chumvi, kisha hufukiwa ndani ya wali, akakaa humo miezi na miezi mpaka akachachuka. Huyo ndiye bibi yake sushi. Sushi ilianza kama njia ya kuhifadhi samaki asioze, kama sisi tulivyoanika juani obambla, yaani samaki aliyepasuliwa. Tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, lile la kwenye picha, lilikuja kushamiri karne ya 19 katika mji ambao leo ni Tokyo, nao mji huo uko ufukweni mwa bahari. Mtu wa Kisumu akitaka kumuiga Mjapani, basi amuige yule wa Biwa.

Sasa, kama samaki mbichi siwezi kumpima, nachagua mkahawa kwa kitu gani? Kwa wali. Mchele wa Kijapani ni mfupi na hushikana ukiiva. Pishori ya Mwea hutawanyika punje kwa punje, sifa kubwa kwenye pilau lakini kwenye sushi ni balaa, kwa sababu tonge litakuvunjikia njiani kabla halijafika mdomoni. Halafu wali wa sushi hutiwa siki, sukari na chumvi, na huliwa ukiwa na uvuguvugu kama wa kiganja cha mkono. Ukiletewa mgumu na baridi, ujue umelala kwenye friji. Mpishi aliyeudharau wali, samaki atamtendea nini? Mimi huagiza bakuli la wali mtupu kwanza. Wahudumu hunitazama kama bahili, na wanitazame tu.

Kipimo cha pili ni mafuta, na hapa watu wa Kisumu hatuhitaji kufundishwa na mtu. Tempura ni chakula cha kukaangwa ambacho Wajapani walijifunza kwa Wareno karne ya 16, Wareno walewale waliotuachia Fort Jesus kule Mombasa. Unga wake huwa mwepesi, unavunjika kwa sauti, hauachi ziwa la pili kwenye sahani. Nani kati yetu asiyejua harufu ya mafuta yaliyokaangia samaki tangu Jumatatu? Pua iliyokulia karibu na karai haidanganywi na vijiti vya kulia. Na nani kakataza tempura ya ngege? Ameiva, minyoo imekwisha, na ametoka ziwani asubuhi kweli.

Mchuzi wa kari wa Kijapani nao ni mzuri kwa anayeanza, hasa ukimwagwa kando ya kuku aliyepakwa chenga za mkate na kukaangwa. Uliingia Japani kupitia kwa Waingereza, ndiyo maana ni mzito na mpole. Aliyezoea bizari za Wahindi wa hapa ataomba pilipili. Wasabi, kile kiungo kikali cha kuliwa na sushi, sitaizungumzia sana. Ile ya kijani unayopewa sehemu nyingi ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi.

Basi tuliaga kwa heshima tukatoka, shemeji akilalamika njia nzima kwamba nimemwaibisha. Tukaingia mkahawa mwingine mdogo karibu na katikati ya mji, hauna mito wala taa za karatasi, vyakula vya Kijapani vimejaza nusu ukurasa tu mwishoni mwa menyu. Shemeji, kwa ukaidi wake, akaagiza sushi ya jodari.

Mama aliyekuwa akituhudumia akafuta meza taratibu. "Hiyo leo hakuna, mwanangu," akasema. "Jodari wetu hutoka Mombasa, na mzigo haujafika. Wali upo, lakini ngojeni, ndio kwanza unaiva."

Nikavuta kiti.