Takwimu za matangazo: kuiuliza Google kila mara au kujiwekea nakala?

Mfanyabiashara wa Nairobi anayelipia matangazo ya Google hataki kuingia kwenye akaunti ya matangazo kila asubuhi. Anataka kuona ndani ya mfumo wake mwenyewe, kando ya stoo na mauzo, kampeni ipi imekula pesa ngapi na imeleta wanunuzi wangapi. Anayemwandikia programu lazima aamue mapema: iulize Google papo hapo kila ukurasa unapofunguliwa, au ivute takwimu usiku na kuziweka kwenye hifadhidata yake?

Kuuliza papo hapo kuna mvuto wa kweli. Tangu AdWords API, njia ya zamani ya programu kuwasiliana na matangazo ya Google, ilipofungwa Aprili 2022, kazi yote iko kwenye Google Ads API, ambayo huulizwa kwa lugha inayofanana na SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Mstari huu unaleta hesabu za siku saba zilizopita:

SELECT campaign.name, metrics.clicks, metrics.cost_micros FROM campaign WHERE segments.date DURING LAST_7_DAYS

Huna majedwali ya kutunza wala nakala ya kupitwa na wakati. Kwa ofisi yenye akaunti moja na watu watatu wanaosoma ripoti, mimi ningeishia hapo.

Watumiaji wakiongezeka, mambo hubadilika. Mwenye kibali cha kutumia API hiyo cha ngazi ya Basic ana operesheni 15,000 kwa siku, na kila swali ni operesheni moja. Ukurasa unaotuma maswali matano ukifunguliwa mara 3,000, mgao umekwisha, na kila anayekuja baadaye anakutana na ujumbe wa kosa. Tena lugha hiyo haina JOIN wala GROUP BY, amri za SQL za kuunganisha majedwali na kujumlisha kwa makundi. Ukitaka kulinganisha gharama za kampeni na malipo yaliyoingia kwa M-Pesa, utalinganisha kwako, kwa hiyo data nayo sharti iwe kwako.

Basi nakala? Ndiyo, ila ina mtego unaodharauliwa mno. Kipimo cha kawaida cha mauzo yaliyotokana na tangazo huyahesabu kwenye siku tangazo lilipobofywa, si siku mteja aliponunua. Aliyebofya Jumatatu akanunua Alhamisi anaongeza hesabu ya Jumatatu. Muda wa kumsubiri, usipobadilishwa, ni siku 30. Programu iliyovuta takwimu za Jumatatu alfajiri ya Jumanne na kuzifunga hapo imehifadhi namba mbichi. Mwenye duka anaitazama, anaona kampeni haileti kitu, anaizima, kumbe wateja wake walikuwa bado wanapiga hesabu za mshahara. Hilo linanikera kuliko kosa lolote la programu, kwa sababu skrini haionyeshi dalili yoyote ya hitilafu na aliyeamua vibaya aliziamini namba tulizompa.

Kuna mambo mawili yanayoumiza pande zote. Gharama huja ikihesabiwa kwa vipande vya shilingi, kila kimoja sehemu moja ya milioni: shilingi 5,000 za Kenya huandikwa 5,000,000,000, na safu ya namba nzima ya biti 32 huishia 2,147,483,647, yaani shilingi 2,147 na senti kidogo, hivyo gharama hiyo haiingii. Lingine ni saa. Seva inayofuata UTC, saa ya kimataifa, inadhani bado ni jana mpaka saa tisa usiku ya Nairobi, kwa hiyo tarehe zihesabiwe kwa saa za akaunti ya matangazo.

Nikipewa kazi hii leo, nakala ndiyo ningeichagua, kwa sharti kwamba kila usiku programu ivute upya takwimu za siku 30 zilizopita na kuziandika juu ya zile za zamani. Aliyeongeza muda wa kusubiri hadi siku 90, avute 90. Siku ambazo muda wake haujatimia zionyeshwe kwa rangi tofauti, na maelezo ya Kiswahili yakae palepale chini ya grafu: mauzo ya siku hizi yanaweza kuongezeka. Takwimu za leo peke yake ndizo ningeuliza Google papo hapo, jibu likatumika kwa dakika kumi na tano kabla ya kuuliza tena.