Kamera Wanaomba Ruhusa, GPU Wanaingia Tu

Wiki hii kwa mkutano mmoja huku Ngong Road nimesikia jamaa akisema "GPU ya kastoma si tunapata tu bure," na karibu kila mtu kwa meza akakubali. GPU ni kile kichakataji cha grafiki, chipu ya kuchora picha ndani ya simu au kompyuta. Mpango wenyewe ni tuweke chatbot kwa webusaiti, lakini badala ya kulipia seva kila mwezi, ile modeli ya AI inayotoa majibu ipakuliwe kwa simu ya kastoma na ifanyie kazi huko huko ndani ya brauza, kupitia WebGPU, ile njia inayoruhusu ukurasa wa wavuti kutumia GPU ya aliyeufungua. Ukiisikiliza haraka inapendeza, bili inashuka na bosi anatabasamu. Mimi imenikera mpaka leo. Hiyo GPU ina mwenyewe, ameinunua kwa jasho lake, pengine bado anailipia mdogo mdogo, na hakuna mtu kwa hiyo meza aliyesema tumuulize kwanza.

Ukurasa ukitaka kamera yako, brauza inakuuliza. Maikrofoni inauliza, mahali ulipo inauliza, hata zile notifikesheni za kukusumbua usiku inauliza. Ukitaka GPU hakuna cha kuuliza. Saiti yoyote yenye HTTPS (ule muunganisho uliofichwa kwa siri) inaingia na kuanza kupiga hesabu zake, na HTTPS siku hizi hata matapeli wako nayo. Chrome waliiwasha WebGPU kwa kompyuta mwezi wa tano 2023, ikafika Android mwanzo wa 2024, Firefox na Safari wakafuata 2025. Kwetu mgeni hupiga hodi hata akikuta mlango wazi, na hodi ndiyo kitu ninachodai hapa, sijasema teknolojia ifungwe.

Najua nitaambiwa hii ni hofu ya zamani. Ni kweli, mwaka 2011 WebGL, iliyotangulia WebGPU, ilipotoka Microsoft walisema wazi wazi kwamba kiusalama hawawezi kuikubali, na 2013 wakaiweka wenyewe ndani ya Internet Explorer 11, na maisha yakaendelea. Sawa, hiyo nawapa. Lakini WebGL ilitengenezwa ya kuchora, hii ya sasa inampa mgeni uwezo wa kufanya hesabu yoyote anayotaka kwa kasi ya GPU, na watafiti hawajakaa kimya hapo katikati. 2018 watu wa chuo kikuu cha Vrije pale Amsterdam walitumia hiyo hiyo WebGL kushambulia simu ya Android kutoka ndani ya ukurasa wa wavuti, kwa kugonga gonga memori mpaka biti (zile sifuri na moja za data) zinageuka, na iliwachukua chini ya dakika 2. Halafu 2024 wakaja wa Graz, Austria, na wao walitumia WebGPU yenyewe. Wazo lao ni rahisi hadi linaogopesha: GPU ina kache, hifadhi ndogo ya haraka, ambayo programu zote zinagawana, kwa hiyo ukurasa unaijaza na data yake, unangoja kidogo, kisha unapima itachukua muda gani kuisoma tena, na ikichelewa basi kuna mwingine amepita hapo. Kwa kupima tu hivyo waliweza kujua ni wakati gani mtu anabonyeza kibodi, na wakatoa ufunguo wa AES (njia ya kuficha data isisomwe na wengine) uliokuwa ukitumika ndani ya GPU, kwa kadi za NVIDIA na za AMD. Mtu hakuhitaji kubonyeza kitu chochote, ilitosha ukurasa ukae wazi dakika chache, yaani muda ule ule unasoma udaku ukingoja matatu ijaze. Na hao watafiti wenyewe wakasema brauza zinafaa kuchukulia GPU kama zinavyochukulia vitu vingine vya siri vya mtumiaji. Mpaka leo hakuna kidirisha cha kuomba ruhusa.

Sasa hapa ndipo nataka wasomaji wa Nairobi wanisikize, kwa sababu hiyo ilikuwa Austria na kadi za bei ya juu, na sisi tuna shida yetu. Kujaribu ile chatbot, vijana waliazima simu ya mzee wa getini kwa sababu ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote hapo ofisini. Ilifanya kazi, polepole, maneno yakitoka moja moja. Nilipoishika ilikuwa moto huko nyuma karibu na kamera, betri imeshuka sana, na kabla ya kuirudisha nikaingia kwa settings nikaangalia apdeti ya usalama ya mwisho: 2022. Chrome yake ilikuwa ya mwezi huu. Fikirieni hiyo kitu vizuri. Chrome inajisasisha yenyewe kupitia Play Store, inaleta WebGPU mpya kabisa, lakini draiva ya GPU (programu inayoiendesha hiyo chipu) iliyo chini yake haiji na Play Store, inangoja kampuni iliyounda simu, na kampuni ilishasahau hiyo modeli zamani. Na kasoro za hizo draiva ni vitu vinavyojulikana. Novemba 2022 Project Zero, timu ya Google ya kutafuta kasoro za usalama, waliandika kwamba Arm, wanaobuni GPU za Mali za simu nyingi, walikuwa wamerekebisha makosa kadhaa ya draiva yake tangu Julai na Agosti mwaka huo, na miezi baadaye simu za Pixel, Samsung, Xiaomi na Oppo zilikuwa bado hazijapata marekebisho. Kama Pixel ya Google wenyewe ilichelewa, hizi simu tunanunua Luthuli zikiwa na ofa ya kava na earphone zitapata lini?

Mzee alipopewa simu akaigeuza akauliza, "Vijana, hii simu mmeifanyia nini?" Akajibiwa, "Hakuna kitu mzee, tulikuwa tunajaribu tu kitu kidogo." Na anakaa getini masaa kumi na mbili na hiyo simu, hiyo ndiyo M-Pesa yake, ndiyo anapigia nyumbani Kitui. Hilo jibu silikubali, na ni hilo hilo tunataka kuwapa makastoma elfu nzima, isipokuwa wao hawatakuwa na mtu wa kuuliza.

Mengine nitayataja tu. Bando: hata modeli ndogo mara nyingi ni mamia ya MB, nani analipa? Kufuatiliwa: 2022 watafiti walionyesha GPU mbili za aina moja zinaweza kutofautishwa kupitia brauza, kwa hiyo kufuta cookies hakukusaidii sana. Na wale wa kuchimba sarafu za mtandaoni kwa mashine za watu, tuliwaona 2017 enzi za Coinhive, ile skripti iliyochimba ndani ya brauza.

Niwe mkweli pia, walioandika WebGPU hawakulala. Memori inasafishwa kabla ya kupewa ukurasa, mipaka inakaguliwa, saa ya kupimia imepunguzwa makali, na draiva zingine mbovu Chrome inazikataa kabisa. Ile kasoro ya LeftoverLocals ya Januari 2024, iliyoacha data ya programu moja isomwe na nyingine kwa GPU za Apple, AMD, Qualcomm na Imagination, ilionekana haigusi kurasa za wavuti kwa sababu ya ukaguzi huo huo. Kazi nzuri. Lakini huo ni ulinzi wanaoamua wao, mwenye simu bado hajaulizwa.

Kuna wale husema watu wamechoka na vidirisha, watabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Wengine ndiyo. Lakini mzee wa getini akiona saiti ya kuangalia bei ya mabati inaomba kutumia kichakataji chake cha grafiki, atashtuka, na kushtuka huko ni haki yake. Mchoro mdogo wa kawaida upite, sina neno. Hesabu nzito zingoje mtu abonyeze kitufe mwenyewe, aambiwe itakula MB ngapi na betri, na akihama ukurasa zisimame. Sisi madevelopa hatuhitaji kungoja Google ndio tuweke hicho kitufe, ni kazi ya mchana mmoja.

Wenye cyber, nyinyi ndio nawaomba zaidi, kwa sababu mashine moja kwenu inapitiwa na watu wa iTax, eCitizen na HELB siku nzima, na kando kuna kurasa mteja wa asubuhi aliacha wazi. Ingieni kwa Chrome, Settings, kisha System, mzime "Use graphics acceleration when available", mfungue brauza upya. Kwa Firefox andikeni about:config, mtafute dom.webgpu.enabled, muweke false. Video zitakuwa nzito kidogo. Fomu za KRA zitafunguka vilevile.