Ramani ya uwanja wa ndege ikae kwa mtendaji wa mtaa

Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba ya shangazi yangu kuna alama ya X nyekundu, ile ya nyumba zinazodaiwa kubomolewa, na chini yake namba iliyoandikwa kwa haraka mpaka rangi ikachuruzika. Ilichorwa miaka kadhaa iliyopita, siku ambayo yeye alikuwa sokoni. Jirani alimsimulia jioni: walikuja vijana na gari, wakavuta futi, wakachora, wakaondoka. Wametoka ofisi gani, jirani hakuuliza. Nyumba ipo hadi leo, X ipo, na karatasi ya kueleza hiyo X haijafika. Shangazi alifunga kamba ya nguo mbele ya ukuta ule, kwa hiyo siku nyingi X inashinda nyuma ya kanga.

Nyumba iko upande wa uwanja wa ndege wa Mwanza, ukishapita Pasiansi. Ndege ikija kutua unayaona magurudumu. Ukiwa katikati ya maneno unanyamaza, inapita, unaendelea pale ulipokatia. Watoto wa pale wanafanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na uwanja. Nimekwenda Dar es Salaam kwa basi nikashuka miguu imevimba, na nimekwenda kwa ndege nikafika kabla chai ya asubuhi haijaisha tumboni, najua ninachochagua nikiwa na hela. Halafu sangara aliyelikuza jiji hili miaka ya 1990 na 2000 aliondoka pale kwa madege makubwa ya Kirusi, minofu ikienda Ulaya, sisi tukibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Hakuna mtu wa Mwanza mwenye akili timamu anayetaka uwanja uhame. Kinachonikera ni kwamba uwanja na mji unaouzunguka kila mmoja ana ramani yake kabatini, na mtu anayekwenda kununua kiwanja haonyeshwi hata moja.

Anza na jina tu. Uwanja unaitwa wa Mwanza, lakini tangu Ilemela ipate manispaa yake mwaka 2012, uwanja uko Ilemela, na Halmashauri ya Jiji la Mwanza imebaki na Nyamagana. Meya wa Jiji akienda kupokea wageni pale, kiutaratibu anapokelea ugenini. Uwanja unaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Usalama wa anga unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Jeshi nalo lipo jirani. Kibali cha kujenga nyumba kinatoka manispaa, hati ina wizara yake, mazingira yana ofisi yake. Wageni wanakwenda kulala hoteli za Nyamagana, kelele zinalala Ilemela.

Katikati ya ofisi zote hizo watu wameendelea kuja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 343,001 Ilemela. Ya 2022 ikahesabu 509,687. Hao zaidi ya 166,000 wamejenga mahali. Wengine Buswelu na Kiseke, wengine wamefuata barabara ya Igombe, na wengi wamepanda milimani kwa sababu kule kiwanja ni bei nafuu na mawe ya msingi hununui.

Milima ndiyo penye neno. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinachora juu ya kiwanja kikubwa cha ndege kitu kama sahani ya kufikirika: mita 45 kutoka usawa wa kiwanja, ikienea kilomita 4 hivi kila upande. Chochote kinachoitoboa sahani hiyo kinahesabiwa kikwazo, uwe mnara wa simu, tangi la maji au ghorofa ya bwana fulani. Mji wa tambarare hausumbuki sana na hilo. Mwanza ni mji wa mawe. Aliyejenga bondeni anaweza kupandisha ghorofa tatu asimguse mtu, na aliyejenga kileleni akawa ameshaitoboa sahani kabla hajamaliza kusimamisha lenta. Wote wawili wana vibali, au wote wawili hawana, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna sahani.

Shangazi aliponunua alikuwa na dalali, mashahidi wawili, karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, na muhuri wa ofisi ambayo sitaitaja. Dalali alimwambia, "Mama yangu, hapa hapana mgogoro, mimi mwenyewe nimezaliwa hapa." Pengine alisema kweli. Kuzaliwa mahali hakukufundishi mpaka wa kiwanja cha ndege unapita mti gani.

Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 si mbaya hata kidogo. Inataka fidia ikishaidhinishwa ilipwe ndani ya miezi 6, ikichelewa iende na riba, na uthamini wenyewe una uhai wa miaka 2, ukipita unafanywa upya. Lakini hayo yote yanamsaidia mtu aliyekwisha kufanyiwa uthamini. X si uthamini. X haina tarehe, haina sahihi, na huwezi kuidai riba. Inachofanya ni kumfanya mtu asipige plasta. Shangazi ana mifuko ya saruji iliyogandia stoo akisubiri kujua kama abomoe au amalizie.

Na sisi wakazi tusijitoe. Wapo wanaosikia fununu ya upanuzi jumatatu, jumanne wamesimamisha kibanda na kupanda miembe usiku ili wahesabiwe. Najua wawili, na mmoja ni rafiki yangu. Lakini hata huo mchezo unanoga kwa sababu mpaka ni siri. Mpaka ungekuwa umechorwa ukutani tangu mwaka juzi, mwembe wa jana ungejulikana ni wa jana.

Sasa twende Igombe, mwaloni, pale mitumbwi inapoteremshia samaki. Asubuhi jua likishapanda, dagaa wanamwagwa mchangani wakiwa bado wanametameta, na kina mama wanawatandaza kwa fagio za vijiti, wakirudi nyuma hatua kwa hatua ili wasiwakanyage. Mtoto mmoja anakaa pembeni na vijiwe. Kazi yake ni ndege. Yangeyange wanatembea kwa adabu hadi wakufikie karibu, mwewe anashuka kama kitu kilichotupwa, na makorongo, wale wazee wa vipara wenye mifuko shingoni, wanasimama mbali wakisubiri kila mtu achoke. Mtoto akirusha jiwe, kundi zima linanyanyuka. Linanyanyuka kwenda wapi? Juu, mahali ambapo dakika chache baadaye itapita ndege ya abiria. Lugha yetu imevipa jina moja vitu viwili ambavyo havitakiwi kukutana angani.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linashauri madampo na vivutio vingine vya ndege visikae ndani ya kilomita 13 za kiwanja. Kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 10. Hesabu mwenyewe kilichobaki nje ya duara: mwalo wa Kirumba umo, masoko karibu yote yamo, na kila kona tunayomwaga taka imo. Huwezi kuuhamisha mji. Unachoweza ni kumsaidia mama wa Igombe aanike dagaa kwenye chanja lenye wavu juu. Dagaa wa chanjani hawana mchanga na bei yao ni nzuri zaidi, jambo ambalo maofisa uvuvi wamelihubiri miaka. Mbao na wavu ndivyo vinavyomshinda. Mwenye uwanja ana sababu yake ya kutaka chanja hilo lijengwe, manispaa ina yake, mama ana yake. Sababu tatu za kitu kimoja, na ukiuliza kama hao watatu wamewahi kukaa kwenye benchi moja, utachekwa.

Maji nayo. Chukua njia ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 45, ukiacha maegesho na barabara za pembeni. Mvua moja ya milimita 50 inamwaga juu yake lita milioni 6.75. Ni maboza 675 ya lita elfu kumi, yakifunguliwa bomba kwa pamoja, na lami haiyanywi. Lazima yateremke kwenda ziwani, na kati ya lami na ziwa kuna watu. Haki ya Mungu, mabati yetu nayo yanamwaga, na tumejenga juu ya mikondo ya zamani halafu tunashangaa maji yanapita sebuleni. Mtaro wa uwanja unaoishia kwenye uzio, na mtaro wa manispaa unaoanzia mita mia mbili mbele, haujakamilika upande wowote, hata kama kila mkandarasi alilipwa kazi yake.

Lipo jambo ambalo ni zito kuliko haya yote. Machi 2005 dege la mizigo aina ya Ilyushin Il-76 liliruka kutoka Mwanza na shehena ya minofu likaanguka ziwani, wote 8 waliokuwemo wakafa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilizama hatua chache kabla ya kufika kiwanja cha Bukoba. Walikufa 19, wakaokoka 24. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, nchi nzima ilimjua siku ile kwa sababu ilisimuliwa kwamba aliufungua mlango kwa kasia.

Kwenye viwanja vya kando ya ziwa, kikosi cha kwanza cha uokoaji ni jirani. Kanuni zinataka kiwanja kifanye zoezi kamili la dharura angalau kila baada ya miaka 2. Zoezi hilo likifanyika Mwanza bila viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, wa mialo ya jirani kuitwa, bila wao kujua mlango wa ndege unafunguliwa vipi na mtumbwi usikae upande gani wa injini, linakuwa mazoezi ya magari ya zimamoto kukimbia nchi kavu.

Kuna mji Marekani, jimbo la Washington, unaitwa SeaTac. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1990 ukiwa tayari umeuzunguka uwanja mkubwa wa ndege unaomilikiwa na mamlaka ya bandari ya Seattle. Hali yao inafanana na ya Ilemela: uwanja una jina la wakubwa, adha ni za mwenyeji. Mwaka 1997 mji na mwenye uwanja walisaini makubaliano ya maandishi kuhusu nani ana kauli juu ya ardhi ipi, maji ya mvua yanasimamiwa vipi, na barabara. Mwaka 2018 wakayasaini mapya. Hawajaacha kugombana, ila wakigombana wana karatasi ya kuifungua mezani.

Sisi sidhani kama tunahitaji kuanza na makubaliano makubwa ya waziri na kamera. Ningeridhika na ukuta. Kila ofisi ya serikali ya mtaa inayopakana na uwanja, Shibula na majirani zake, ibandikwe ramani moja iliyosainiwa na manispaa na TAA kwa pamoja, yenye rangi: hapa ni mpaka, hapa usizidishe ghorofa moja, hapa jenga lakini ujue utasikia kelele. Iwe na namba ya simu ya mtu anayepokea. Asiuziwe mtu kiwanja kabla hajasimama mbele yake na mashahidi wake. Na asichore mtu X kwenye ukuta wa mwenzake bila kuacha barua yenye jina la ofisi na tarehe. Gharama ya kuchapa ramani hizo haifiki posho za kikao kimoja cha kujadili fidia.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa shangazi. Nilimfungulia picha ya setilaiti kwenye simu, eneo zima kuanzia Pasiansi hadi Igombe, njia ya kurukia ikionekana kama rula. Alivaa miwani, akaigeuza simu, akairudisha, akaigeuza tena.

"Kwangu ni hapa?" akaniuliza.

Kidole chake kilikuwa ziwani.