Almasi Bila Viwanda, Viwanda Bila Almasi

Botswana ilipopata uhuru Septemba 1966, barabara zake za lami zilikuwa kilomita 12 hivi, katika nchi inayokaribiana na Ufaransa kwa ukubwa. Haikuwa na bandari. Hata ofisi za utawala wa kikoloni zilikuwa zimekaa kwa miaka mingi nje ya mipaka yake, Mafeking, Afrika Kusini. Mwaka mmoja baadaye ikagunduliwa almasi Orapa.

Kila panapozuka mjadala wa kwa nini nchi hii inaendelea na ile inakwama, Botswana haikosi kutajwa. Kambi moja husema kila kitu ni uongozi: wezi wakiondolewa, nchi itainuka. Kambi ya pili husema nchi maskini zilifungwa miguu kabla ya mbio kuanza, kwa ukoloni, madeni na bei zinazopangwa kwingine. Kila moja ina ukweli wake. Lakini naona zote mbili zinaliruka jambo moja: kulinda mali na kujua kuizalisha ni kazi mbili tofauti, na nchi inaweza kufaulu moja ikashindwa nyingine.

Kwenye kulinda, Botswana inastahili sifa zake. Mwaka 1967 sheria ilihamisha haki za madini kutoka kwa makabila kwenda kwa dola. Rais Seretse Khama alikuwa amezaliwa mrithi wa uchifu wa Bangwato, na Orapa imo katika ardhi yao hao hao. Angeweza kuwaachia watu wake utajiri ule. Tena sheria ilikuja kabla mgodi haujaanza kazi mwaka 1971, yaani kabla hajatokea mtu mwenye fedha za kutosha kuipinga. Hili la wakati halisemwi vya kutosha. Serikali iliendelea kujadiliana na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, hadi ikapata nusu ya kampuni ya uchimbaji, na mapato yakajenga shule, zahanati na barabara.

Nigeria ilianza upande wa pili. Mafuta yalipatikana Oloibiri mwaka 1956, mkoloni akiwa bado yupo, na kabla taifa halijakubaliana nani anamiliki nini likaingia vitani, 1967 hadi 1970. Bei ya mafuta ilipopaa baada ya 1973, fedha zilimiminika juu ya utaratibu ambao haujakomaa. Wizi ulikuwepo, tena mkubwa. Ila karanga, kakao na mawese, zilizokuwa nguzo ya mauzo ya nje, hazikuporomoka kwa sababu ya wizi peke yake. Dola za mafuta zikiingia kwa wingi, sarafu ya nchi hupata nguvu. Bidhaa za nje huwa rahisi, na mazao ya mkulima huwa ghali kwa mnunuzi wa ng'ambo. Mkulima anaacha shamba bila hata senti moja kuibwa. Wachumi wanauita ugonjwa wa Kiholanzi, kwa kuwa Uholanzi yenyewe, pamoja na mahakama na mahesabu yake safi, iliupata baada ya kugundua gesi Groningen mwaka 1959. Kwa hiyo anayesema uadilifu unatosha, Uholanzi inamkanusha.

Kambi ya pili nayo isikilizwe kwa makini, maana ushahidi wake unauma. Haiti ilijikomboa utumwani na kutangaza uhuru mwaka 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka manowari na kudai faranga milioni 150 kama fidia ya mali ya waliokuwa mabwana wa watumwa, deni lililopunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838. Ili kulipa, Haiti ilikopa katika benki za Paris zenyewe. Watu waliotumikishwa wakawalipa waliowatumikisha, kizazi baada ya kizazi. Ninapomsikia mtu akisema maskini wamejitakia, huikumbuka hesabu hiyo.

Bado historia haimalizi hoja. Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, ikagawanywa, kisha ikasagwa na vita vya 1950 hadi 1953. Kusini haikuwa na mafuta wala almasi. Ilikuwa na mageuzi ya ardhi yaliyowafanya wapangaji wa mashamba kuwa wamiliki, na watoto waliopelekwa shule kwa wingi. Wakopeshaji wa nje walipokataa kugharimia kiwanda cha chuma cha Pohang wakisema hakitalipa, serikali ilielekeza huko sehemu ya fedha ilizopata kwa Japani kwa mkataba wa 1965 wa kurejesha uhusiano. Mwaka 1973 chuma kilianza kutoka.

Na rushwa? Ilikuwepo tele. Chun Doo-hwan na Roh Tae-woo, marais wawili wa zamani, walitiwa hatiani kwa hongo mwaka 1996. Tofauti ni kwamba mikopo nafuu ilifungwa kwenye sharti la kuuza nje, na mnunuzi wa meli aliye ng'ambo hahongeki na waziri wa Seoul: meli ikivuja, hanunui. Kipimo kilikuwa nje ya mikono ya wakubwa.

Gharama yake ilibebwa na wafanyakazi waliofanya kazi saa nyingi mno, huku vyama vyao vikikandamizwa na katiba ya 1972 ikimpa Rais Park Chung-hee mamlaka karibu yote. Sikubaliani na wanaosema ukandamizaji huo ndio ulioleta maendeleo. Mobutu aliitawala Kongo kwa mkono wa chuma kuanzia 1965 hadi 1997, juu ya shaba na kobalti nyingi, na akaiacha ikiwa magofu.

Turudi Botswana. Kufikia mwaka 2024, baada ya zaidi ya nusu karne ya kutunza vizuri, almasi ilikuwa bado takriban asilimia 80 ya mauzo yake ya nje, na zaidi ya robo ya nguvukazi yake haikuwa na ajira. Almasi za maabara zimeshusha bei, uchumi ukanywea mwaka huo, na chama kilichotawala tangu uhuru kikaangushwa kwenye uchaguzi wa mwaka huo huo. Hazina ililindwa. Ufundi wa kuzalisha kitu kingine haukukua.

Kuilaumu tu si haki. Watu wake ni milioni mbili na nusu hivi, haina bahari, na iko ndani ya umoja wa forodha na jirani mkubwa. Ilijaribu: miaka ya 1990 magari ya Hyundai, kampuni ya Korea hiyo hiyo, yaliunganishwa Gaborone kwa kutegemea soko la Afrika Kusini, na mwaka 2000 kiwanda kikafungwa. Isitoshe, tangu Shirika la Biashara Duniani lianze mwaka 1995, ruzuku za kuuza nje zimebanwa kwa nchi nyingi. Korea ilipanda kwa ngazi ambayo wanaokuja nyuma wanakuta imepunguzwa vidato.

Indonesia inajaribu njia nyingine. Mwaka 2020 ilipiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi. Umoja wa Ulaya ukaishtaki, mwaka 2022 jopo la Shirika la Biashara Duniani likaamua dhidi yake, nayo ikakata rufaa. Viwanda vya kuyeyushia madini vimejengwa, ila kwa sehemu kubwa kwa mtaji na mitambo ya China, vingi vikitumia umeme wa makaa ya mawe yanayochafua hewa. Tani zinazosafirishwa zimepanda thamani, na hilo ni jema. Ninachotaka kuona ni kama kijana wa Kiindonesia anayeingia humo leo akiwa msaidizi ataweza, miaka kumi ijayo, kujenga tanuru bila kumwita mgeni.