Kufunga uzazi kwa mwanaume: hatari ziko wapi hasa?

Vijiweni Moshi na Arusha, mwanaume akitaja kufunga uzazi huambiwa papo hapo kwamba nguvu za kiume zitakwisha. Hofu hiyo haina msingi. Kinachokatwa ni mirija miwili inayopitisha mbegu kutoka kwenye korodani. Mishipa inayosimamisha uume haiguswi, na homoni ya kiume huingia moja kwa moja kwenye damu.

Lakini anayedai vasektomi, yaani upasuaji huu wa kufunga uzazi wa mwanaume, haina madhara yoyote naye anapotosha. Ganzi ikiisha, maumivu na uvimbe kidogo ni kawaida. Kinachosumbua zaidi ni damu kuvilia ndani ya pumbu: ngozi ya pale hutanuka kirahisi, haiukandamizi mshipa unaovuja, hivyo damu hujikusanya. Kwa hiyo mpagazi wa Kilimanjaro au mkulima anayebeba mikungu ya ndizi apange likizo kwanza: siku mbili za kupumzika, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, chupi inayobana, na wiki nzima bila mzigo mzito, bodaboda wala tendo la ndoa. Akiona homa, usaha au uvimbe unaoendelea kukua, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Njia ya kutoboa ngozi bila kisu, iliyobuniwa China mwaka 1974, hupunguza kuvuja damu na maambukizi. Uliza kama ndiyo itakayotumika.

Linalostahili kuelezwa wazi kabla mtu hajasaini fomu ni maumivu sugu ya korodani. Hubaki kwa mwanaume mmoja au wawili hivi kati ya 100, kwa kiwango cha kuvuruga maisha, na tiba yake si rahisi.

Halafu kuna mimba. Mbegu zilizokwisha kupita mahali pa mkato bado zipo, kwa hiyo kondomu au njia nyingine itumike miezi mitatu, kisha shahawa zipimwe maabara. Wengi huruka kipimo hiki, mimba ikiingia mke anatuhumiwa bure. Hata baada ya majibu safi, mirija huweza kuungana tena kwa takriban mtu mmoja kati ya 2,000.

Kwa wenzi waliokwisha kuamua watoto wanatosha, bado naiona vasektomi nyepesi kuliko kumfunga mke uzazi, maana mke hufunguliwa tumbo. Kwa kijana asiye na uhakika siishauri: kuunganisha mirija upya ni upasuaji wa darubini, ghali, na matumaini hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwake kitanzi au kipandikizi cha mke kinatosha kwa sasa.