Toleo la kwanza la Byron waachieni matajiri

Watu wakisikia unakusanya vitabu vya zamani vya Byron, yule mshairi wa Uingereza, swali ni lilelile, eti una toleo la kwanza? Sina, na wala sina mpango, shairi lake la Childe Harold la 1812 waachieni wenye hela zao. Mimi naitaka ile seti ya juzuu 17 aliyoitoa mchapaji wake John Murray pale London 1832 na 1833, vitabu vidogo vya kushika kwa mkono mmoja, picha za mwanzoni nyingi kachora Turner, mchoraji maarufu wa Uingereza.

Juzuu sita za kwanza ni maisha yake na barua zake, kazi ya rafiki yake Thomas Moore, na hapo ndo utamu ulipo. Maana Byron alimkabidhi Moore kumbukumbu za maisha yake alizoandika mwenyewe, akaja kufa Ugiriki Aprili 1824, na mwezi uliofuata tu jamaa wakakutana ofisini kwa Murray wakazitia moto, Moore akapinga weee, wapi, zikateketea zote. Halafu 1830 huyohuyo Moore anatoa wasifu na mchapaji ni huyohuyo Murray! Ukifungua unakutana na nyota nyota, jina limefichwa, sentensi imekatwa, unabaki kujiuliza hapa kamsema nani. Wahariri wa baadaye wamerudisha baadhi, ila mimi nazipenda zile nyota, uoga wa watu unauona umechapwa kabisa.

Kingine kinachodharauliwa ni chapa za wizi za shairi lake refu, Don Juan. Murray alianza kuitoa 1819, kitabu kikubwa cha bei mbaya, hakina jina la mwandishi wala mchapaji, na mahakama nazo hazikuwa na hamu ya kulinda shairi linaloonekana la kihuni, basi wajanja wakajichapia vya bei chee. Mchapaji mwingine, John Hunt, alipoichukua kazi ikabidi naye atoe chapa ya shilingi moja kupambana nao. Ukitaka kujua wasomaji wa kawaida walimsoma vipi Byron, tafuta hivyo, vimechakaa kwa kusomwa.

Karatasi yenyewe isikutishe, ya miaka ile ilitengenezwa kwa matambara ya nguo, ni ngumu kuliko za mbao zilizokuja baadaye. Na mgongo ukilegea usikimbilie kuweka jalada jipya bana. Ila muuzaji akikwambia seti imekamilika, mwambie akupigie picha kila juzuu ikiwa wazi mwanzoni, kuna watu wanazikata zile za Turner wakaziweke kwenye fremu.