Kukumegu

Mimi ni makanga, njia yangu Kisumu kwenda Kakamega, na mdomo ndio jembe langu. Sasa wiki hiyo pembe zote mbili za mdomo zilikuwa zimepasuka. Nikipiga miayo, damu. Nikicheka, damu. Dere akanishauri nipake ndimu na chumvi. Nikapaka. Nilizunguka steji mbio mara mbili, abiria waliokwisha kuketi wakashuka kutazama.

Kama hujawahi kuita gari hujui: "Kisumu" ni jina la huruma. Unakunja midomo kama anayepuliza chai, limetoka. Lakini Kakamega! A tatu, na kila moja inataka mdomo wazi. Chavakali nayo, steji ya njiani, ina tatu zake. Nikaamua kuita hivyo hivyo midomo ikiwa imekunjwa: "Kukumegu! Kukumegu!"

Mama mmoja akavuka barabara na kikapu.

"Kuku unachukua kwa ngapi?"

"Hupunu, mumu."

"Hiyo bei siijui. Huyu ni elfu na mia mbili."

Watu wakajaa. Mama akaapa nimemwita kwa sauti, na mashahidi hawakukosekana. Dere naye, badala ya kunitetea, alikuwa amelala juu ya usukani kwa kicheko. Nikatoa elfu moja, nikaachiwa jogoo.

Dispensari nilifika nimemkumbatia. Daktari akanimulika tochi, akauliza kama nina meno ya bandia. Sina. Je, nanyonya kidole? Daktari, nina miaka 31! Akasema mate yakituama pale pembeni ngozi hulainika, ikapasuka, kisha fangasi au bakteria wakahamia. Na mimi nilikuwa nalamba kila dakika nikidhani natibu; kumbe nawamwagilia shamba. Habari ya ndimu sikuthubutu kuitaja.

Akaniandikia krimu ya fangasi, na Vaseline ya kuzuia mate. Nisipopona kwa wiki mbili nirudi nipimwe damu na sukari, kwani hata upungufu wa madini ya chuma au vitamini B hupasua mdomo vilevile.

"Unakula nini?"

"Chai na mandazi. Mchana chipsi."

"Maini? Mayai? Nyama?"

Nikamwinua jogoo aonekane.

Naye akawika papo hapo, mdomo wazi mpaka koo likaonekana. Sijawahi kumwonea kuku wivu namna ile.